Vyumba Vina Wenyewe

"Shimizi, Mama Ephraimu. Shimizi la mtu mzima juu ya kifua cha mwanao, na wewe umekaa hapo unamenya ndizi."

Agnela alikuwa upande wake wa ua, kichwa na mabega vimetokeza juu ya majani kama mtu aliyepanda kwenye ndoo, na kweli alikuwa amepanda kwenye ndoo. Hedwiga, mwenye boma, hakuinua macho. Kisu kilikwenda, ganda likaanguka, ndizi ikatumbukia majini.

"Kifua ni cha mwanangu," akasema. "Wako ana kifua chake huko Dodoma. Kakianikie huko."

"Mimi natetea heshima ya marehemu."

"Heshima haipandi kwenye ndoo, Mama Anande. Shuka, usije ukavunjika kiuno tukakosa wa kutuchungulia."

"Nichungulie nini wakati kila kitu kiko nje? Wanakwaya wamepita jana wameona foronya. Leo shimizi. Kesho sijui tutaona nini. Na huyo Mswahili wako hana haya, anafua huku anaimba."

Mswahili mwenyewe, Nusura, mpangaji wa stoo, alikuwa amesimama katikati yao na shimizi la pili mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Huku mlimani ukiitwa Mswahili si lugha inayosemwa wala si dini. Maana yake umetoka mjini, una maneno mengi na huna mgomba hata mmoja. Hilo alishalizoea. Alichokuwa hajakielewa ni ugomvi wenyewe. Alidhani Agnela hapendi nguo za ndani zionekane njiani, na kwa hilo hakumlaumu.

"Samahani jamani, nitazianua niweke ndani," akasema. "Ila sijaelewa. Kifua cha mtoto gani?"

Agnela akageuza kichwa. Akamtazama Hedwiga, akamtazama Nusura, akarudi kwa Hedwiga.

"Hujamwambia?" Sauti yake ilishuka kutoka kwenye ndoo kabla yake mwenyewe. "Mama Ephraimu, miezi yote hii hujamwambia?"

Hedwiga akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Ni Godwin," akamwambia Nusura. "Kitindamimba wangu. Hapo unapoanika ni kaburi lake."

Sasa wewe utauliza, mtu mzima na macho yake anakosaje kulijua kaburi? Njoo ulione basi. Ni sakafu ya saruji iliyolala mbele ya stoo, kati ya mibuni na migomba, laini, imeinama kidogo kuelekea kwenye mfereji. Haina msalaba, haina jina, haina hata ua la plastiki. Kwa Nusura, makaburi ni kitu chenye ukuta na geti. Unakwenda huko umebebwa, au unamsindikiza aliyebebwa na kurudi. Hakujua kwamba huku mtu anazikwa kwake, karibu na jiko, asikie sufuria zikigongana. Siku alipohamia aliona saruji karibu na bomba akasema moyoni, hawa wana sakafu ya kuanikia kahawa na msimu umepita, ngoja niitumie. Akaitumia. Alianika kanga, alipepeta maharage, na Jumapili wenzake wa kazini walipomtembelea walikaa hapo na chai yao, wakauteta mji mzima, wakacheka mpaka mmoja akalala chali. Hapo hapo. Juu ya mtoto wa watu.

"Astaghfirullah," akasema taratibu. Tangu madrasa aliambiwa ni afadhali ukalie kaa la moto kuliko kukalia kaburi.

Alianua nguo zote, mbichi vile vile, akazikumbatia zikamlowesha kifua, akaingia stoo na kufunga mlango. Nyuma yake alimsikia Agnela akisema, "Mimi sikujua kama hajui." Na Hedwiga akijibu, "Sasa unajua. Shuka kwenye ndoo."

Alikaa kwenye godoro akatazama ile stoo, maana alijua hapo si pake tena. Ilikuwa chumba kidogo kinachonuka magunia ya kahawa, dirisha moja la mbao. Lakini kukipata kulimchosha kuliko kazi zote alizofanya maishani.

Mjini Arusha alikaa mtaa wa zamani, nyuma ya soko, kwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba familia yake, choo kimoja na redio zisizopatana. Hapo ndipo alipoletwa na mumewe Jabiri kutoka Kondoa, hapo alimzaa Najat, hapo Jabiri alifia. Katika nyumba ile ukipika mchuzi, majirani walijua umetia nazi au umetia maji. Ukigombana na mumeo, asubuhi unakuta kesi imeshaamuliwa ukumbini. Nusura aliipenda hivyo hivyo. Kisha mwenye nyumba akafariki, warithi wakauza, mnunuzi akataka kiwanja kitupu, na watu wa vyumba sita wakatawanyika kama mbaazi zilizomwagika. Najat alishaolewa Singida, kwa mume anayeishi na mama yake mkali. Huko hapakuwa na pa kuhamia.

Akapata kazi ya kupika kwenye kibanda cha mama lishe pale Nkoaranga, jirani na geti la hospitali, wanapokula wanaouguza wagonjwa wao. Kazi nzuri, watu wengi, habari haziishi. Shida ilikuwa kulala. Alikuwa amejibanza kwa mtu Usa River, anatoka giza halijaisha, anapanda zile njia za miguu zinazoteleza, magoti yanamlilia, na akifika moto wa wenzake umeshawaka. Mwenye kibanda akamwambia, "Dada, tafuta chumba huku juu, au mimi nitafute mpishi mwingine."

Akatafuta. Na kilichomshangaza ni kwamba huku juu vyumba ni vingi. Nyumba za matofali, mabati ya rangi, madirisha ya vioo, na ndani bibi mmoja na paka wake. Anabisha hodi, anakaribishwa vizuri, anapewa chai ya maziwa, anaulizwa za mjini. Akitaja chumba tu, sura inabadilika.

"Vyumba vina wenyewe, mama."

Hiki cha Thomasi, yuko Mwanza. Hiki cha Eliya, anakuja Krismasi. Kila mlango una kufuli na kila kufuli lina jina la mtu. Mzee Manase, mzee wa kanisa, alimjibu kwa upole kabisa: "Nikikupangisha chumba cha mwanangu, akirudi nitamwambia nini? Kwamba tulichoka kumngoja?" Nusura, aliyezoea nyumba ambayo ukisafiri kidogo tu unarudi unakuta godoro lako limelaliwa na binamu wa jirani, aliteremka ule mlima na neno hilo likamchosha kuliko miguu.

Hedwiga ndiye aliyemwokoa. Alikuwa anakiletea kibanda ndizi za kupika, akamsikia analalamika, akasema ana stoo ambayo haina mwenyewe. "Ila mwanangu mkubwa, Ephraimu, yuko Arusha, Engutoto. Nitamwambia mwenyewe, kwa wakati wangu." Wakati wake haukufika.

Na jambo moja liliharibika mapema. Wiki ya kwanza tu Hedwiga alimletea bakuli la ndizi kwa nyama, mvuke unapanda. Nusura akaona nyama, akajua haikuchinjwa na Mwislamu, akaona haya kusema. "Nimeshiba, dada, Mungu akubariki." Na papo hapo tumbo lake likanguruma, wote wawili wakalisikia. Hedwiga akabeba bakuli lake akaondoka. Tangu hapo salamu zilikuwepo, maji ya moto waliazimana, lakini sahani haikuvuka tena ule uwanja.

Mchana huo wa shimizi, Hedwiga akaja na kigoda chake akagonga mlango wa stoo.

"Nifungulie, Mama Najat. Nina miguu mibovu, sitasimama sana."

Nusura akafungua. "Nitaondoka, dada. Nipe mpaka Jumapili nipate pa kuweka godoro."

"Uondoke kwa kosa gani?"

"Nimekaa juu ya mwanao nikanywa chai."

"Nilikuona." Hedwiga akaketi. "Siku ile ya kwanza nilikuona kupitia dirishani. Nikachukua na fimbo kabisa. Nafika mlangoni, nakusikia unamsimulia mwenzako kisa cha yule mwanamke aliyekwenda kumfumania mumewe akaingia nyumba siyo. Nikasema ngoja nisikie mwisho."

Nusura akaketi kwenye kizingiti.

"Godwin alikuwa mtu wa hivyo," Hedwiga akaendelea. "Alikuwa mpagazi, anapandisha mizigo ya watalii. Akishuka mlimani, anashuka na wenzake wote, boma linajaa, wanamaliza sufuria, wanasimuliana uongo mpaka kuku wanakosa usingizi. Nilikuwa nawagombeza. Safari moja akashuka na kifua. Akalala pale ndani, akasema mama, nina baridi tu. Haikuwa baridi." Akaiangalia ile saruji. "Tangu hapo wanaokuja wananong'ona. Agnela akipita anajifuta macho, hata siku ambazo macho ni makavu. Wewe ndiye wa kwanza kucheka pale. Nikasema moyoni, mwache akae kidogo na watu, mwanangu. Atakuwa amenichoka mimi."

Upepo ulitikisa migomba. Mbali kidogo kuku wa Agnela alikuwa anatangaza yai.

"Na kwa nini hakuna jina?" Nusura akauliza. "Ningeona jina, ningejua."

"Ulikuwepo msalaba wa mbao, una jina na tarehe zote mbili. Watu wa msiba walipoondoka niliung'oa. Uko chumbani kwake, chini ya kitanda, na mlango nimeufunga. Ephraimu anataka kuweka wa marumaru. Kanisani wananisema. Mimi nawaambia ngojeni. Kwetu huku boma la baba ni la kitindamimba. Mimi ni mlinzi tu, namlindia Godwin. Jina likishaandikwa pale, nitakuwa namlindia nani?"

Nusura alikuwa na la kwake.

"Mimi Jabiri wangu sijui alipo," akasema. "Nilijua. Tuliotesha mti mdogo kichwani pake. Mvua zikaja, udongo ukashuka, mbuzi wakala mti, wakazikwa wengine huku na huku. Sasa nikienda nasimama katikati, namwombea kwa kukadiria. Labda namwombea mume wa mtu."

Hedwiga akageuza uso. Mabega yake yalitikisika, na Nusura hakujua kama ni kicheko au kilio, wala hakutaka kujua, kwa sababu na yeye ya kwake yalikuwa yanatikisika.

"Agnela ameshapiga simu," Hedwiga akasema baadaye, akiinuka. "Ephraimu anakuja Jumapili."

Jumamosi Agnela akaja mwenyewe, kwa mlango safari hii, ameshika maboga mawili kama mtu anayekwenda kuomba radhi lakini hataki ijulikane. Alikaa jikoni kwa Hedwiga wakanong'ona, yaani Hedwiga alinong'ona. Agnela hajawahi kuweza. Nusura aliyasikia yote akiwa stoo anafunga vyombo.

"Chakula chako hakukikataa kwa dharau. Hawa hawali nyama asiyochinja mwenzao. Mimi nimeuza nyanya soko moja nao, najua. Ungemwekea ndizi za maziwa angekula na sahani."

Kandambili za Hedwiga zikavuka uwanja.

"Ni kweli anavyosema huyu?"

"Kweli, dada."

"Na hukusema."

"Niliona haya."

"Ruwa wangu," alisema Hedwiga, akimwita Mungu kwa Kichaga chake cha Kilema, maana hata yeye aliletwa huku na ndoa. "Miezi yote nalala najua huyu mtu anaona mikono yangu michafu."

Jumapili, baada ya ibada, gari la Ephraimu likapanda likinguruma mpaka uwanjani. Alikuwa mtu mkubwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, suti ya kanisani ikimbana mgongoni. Nusura alisimama mlangoni pa stoo, godoro limeshafungwa kamba pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usizime gari." Hedwiga akamkabidhi jogoo aliyefungwa miguu. "Mpeleke Usa River kwa Said, yule muuza nyama. Amchinje yeye, kwa mkono wake. Mwambie ni wa mgeni wetu."

"Mama, mimi nimekuja kwa mazungumzo."

"Mazungumzo hayana mabawa. Utayakuta."

Ephraimu akamtazama jogoo, akatazama viti vya gari lake, akaondoka. Aliporudi, jogoo alikuwa kwenye mfuko na unyoya mmoja umekaa kwenye bega la suti. Hakuna aliyemwambia. Hedwiga akampokea jogoo, akamnyonyoa, akamkatakata, akainjika sufuria, yote bila haraka, na ndipo akatoka, akasimama karibu na ile saruji. Juu ya ua kichwa cha Agnela kilikuwa kimeshapanda.

Ephraimu alimgeukia Nusura, na akasema vizuri. Hilo ndilo lililouma, kwamba alisema vizuri.

"Mama, sina ubaya na wewe. Lakini hapa si mahali pa kupangisha. Hapa amelala mdogo wangu. Watu wananipigia simu mpaka dukani, wananiambia kaburi la Godwin limegeuzwa kamba ya nguo. Niweke wapi uso? Gari lipo, nitakubebea vitu vyako, nikupeleke popote."

Nusura alijaribu kufikiria hiyo popote iko wapi. Akaona ukumbi wa nyumba ya vyumba sita, ambao sasa ni mabati ya uzio. Akaona kaya ya mkwewe Singida. Akaona ile njia ya mteremko, na yeye anashuka nayo.

"Una haki, mwanangu," akasema. "Hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo. Godoro nimeshalifunga."

"Ephraimu," Hedwiga akaita. "Ule msalaba wa marumaru, bado unautaka?"

Ephraimu akageuka taratibu. "Mama. Nimekuomba tangu tumzike."

"Ulete. Waandike jina lake lote, na tarehe zote mbili. Mchungaji aje, ukoo uje, nitapika."

Juu ya ua Agnela akajiziba mdomo kwa kanga.

"Lakini huyu anabaki," Hedwiga akasema. "Wewe utakuja na msalaba, utalala siku moja, utarudi Engutoto kwa watoto wako, na ndivyo inavyotakiwa. Mimi nitabaki na msalaba. Msalaba hauniulizi nimeamkaje."

Ephraimu, na suti yake ile, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye saruji kama mtu anayempima mtoto homa. Akakiacha hapo muda mrefu. Alipoongea hakumtazama mtu.

"Na kufua atafulia wapi?"

"Nyuma ya zizi. Kuna jiwe."

Akatikisa kichwa kukubali.

Hedwiga akaingia nyumba kubwa. Walisikia funguo, wakasikia kufuli likikataa, kisha likikubali, na mlango ambao haukuwa umefunguliwa siku nyingi ukalia kwa sauti ya kuburuza sakafu. Alitoka amebeba kitu kilichoviringishwa kwenye koti la mvua la mpagazi. Akalifungua koti. Ulikuwa ule msalaba wa mbao, rangi nyeupe imeanza kubanduka, herufi nyeusi zilizochorwa kwa mkono. Akaulaza juu ya saruji, akaunyoosha.

"Wakopie hapa," akamwambia Ephraimu. "Wasije wakakosea herufi."

Kisha akaegemea bega la mwanawe aliyechuchumaa.

Nusura alikuwa ametafuta chumba kwa miguu yake, kwa hodi zake, kwa kubembeleza, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu atakuja kukinunua kwa ajili yake kwa kitu cha namna hii. Akamsogelea.

"Dada, sikukuomba hivi. Acha niende. Urudishe msalaba wako ndani, ufunge mlango wako. Mimi nitapata pengine."

"Hutapata," akasema Agnela juu ya ua, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Mimi mwenyewe vyumba vitatu nimefunga, na nisingekupa."

Hedwiga alijifuta uso kwa kiganja, upande mmoja, kisha mwingine. Kutoka jikoni harufu ya jogoo na bizari ilikuwa imeshaanza kutoka nje. Akaushika mkono wa Nusura, mkono wenye alama za mafuta ya moto ya kibandani, akaukaza.

"Ulishanikatalia mara moja, Mama Najat," akasema. "Hukunijua, sikukujua, imepita. Huyu amechinjwa na Said, mwanangu ameshuhudia, na unyoya ushahidi anao begani. Usinikatalie mara ya pili. Vua kandambili, pita ndani ule."